Priorite haiko cheo

Ndugu mutumikaji, wewe uliye na permi mufukoni na usukani mikononi, leo ukurasa wetu wa usalama unasema na wewe. Unasema vilevile na mwenye pikipiki, mwenye kinga na mwenye kutembea kwa miguu, kwa sababu wao ndio wanaoumia kwanza wewe unapokosa.

Angalia motokari moja tu, jipi ya kazi, siku moja tu. Saa moja ya asubuhi iko ndani ya karieri. Shofere anafika pa alama ya STOP. Anasimama. Mipira inasimama kabisa, haiendelei hata kidogo. Anaangalia kushoto, anaangalia kuume, anasema mu radio, anangoja jibu, kisha anapita. Bendera yake inacheza juu, taa yake ya manjano inazunguka. Kazi safi. Saa tisa jipi ileile inatoka pa bariere ya kompanyi, shofere ni yuleyule. Mbele kidogo kuko makutano ya njia, na alama ya STOP ni ileile, nyekundu, yenye pembe 8. Sasa jipi inapunguza mwendo kidogo, inatoa pua, inapiga klaksoni, inapita. Mama mwenye besani ya mboga kichwani anaruka mu mufereji.

Nini imebadilika kati ya saa moja na saa tisa? Macho ni yale. Freni ni zile. Alama ni ile. Kimebadilika kitu kimoja: ndani ya karieri kuko mutu anayeweza kumunyanganya karatasi yake ya kuendesha na kumurudisha nyumbani siku hiyohiyo. Inje mutu huyo hayuko, ao yuko lakini mawazo yake ni mengine. Wengi watasema basi tuongeze polisi wa rulaji pa kila pembe. Mimi sikatai. Lakini ninaona ugonjwa uko ndani zaidi. Wengi wetu tumeelewa vibaya neno lenyewe, hili neno priorite tunalolipigia kelele kila siku kupitia dirisha la motokari.

Mutu akisema «mimi niko na priorite», anasema kama mwenye lupango: ni yangu, nimenunua, ondoka. Lakini sheria ya njia haimupatii mutu kitu cha kushika mukononi. Inasema tu nani anapashwa kungoja. Fikiri vizuri juu ya hiyo. Haki ya kupita kwanza haitoki kwako, inatoka kwa yule mwingine anayeweka muguu wake juu ya freni. Kama yeye haweki muguu, wewe uko na karatasi tu, na karatasi haizuii kamio.

Turudilie sheria kwa kifupi, maana kuko washofere wa miaka 20 wanaoisahau, na kuko vijana waliopata permi bila kuisoma. Sheria ya njia ya inchi yetu ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Tunaendesha upande wa kuume. Pa makutano ambapo hakuna polisi, hakuna taa, hakuna alama yoyote, yule anayetokea kwa mukono wako wa kuume anapita kwanza. Hata akiwa na motokari ya zamani inayotoa moshi, na wewe uko na jipi mpya. Alama ya pembe tatu iliyogeuzwa kichwa chini inasema: achia wale wa njia ile nyingine. STOP inasema: simama kabisa, kisha achia. Ukitaka kukata kushoto, unangoja wale wanaokuja mbele yako wapite. Polisi wa rulaji akiwa pale, mukono wake unapita taa na unapita alama. Treni haingoji mutu. Ambulansi, wazima-moto na polisi wanaokimbilia kazi yao na sirene, tunawafungulia njia.

Na kuko sharti moja ambalo ningependa liandikwe kwa rangi pa mulango wa kila kompanyi: yule anayetoka mu lupango, mu garaji, ao pa bariere ya kazi na kuingia mu njia ya watu wote, anaachia wote waliomo mu njia hiyo. Kwa hiyo ile jipi yetu ya saa tisa, tangu inapotoka pa bariere, ndiyo ya mwisho. Mwenye kinga aliyebeba mifuko ya makala anapita mbele yake. Shofere wengi wanatoka pale kama maji yanayotoka mu bomba, kwa sababu mulinzi ameinua chuma na ameweka mukono pa kofia. Mulinzi anakufungulia mulango wa kompanyi, ndugu. Hakufungulii njia ya inchi.

Sasa tuseme kweli. Kosa hili halikuanguka kutoka juu. Kwa sehemu kubwa, tulilijifunza ku kazi.

Mu karieri nyingi sheria inasema mashine kubwa inapita kwanza, na kamio yenye muzigo inapita mbele ya kamio tupu. Jipi inaachia wote. Shofere anaona hiyo kila siku, mwezi kwa mwezi, na mu kichwa chake inabaki somo moja: mukubwa anapita, mudogo anangoja. Akitoka inje na kamio ya tani 30 anaona kinga ni mudogo, manseba ni mudogo, mutu wa miguu ni mudogo kabisa. Na yule anayeendesha jipi, aliyekaa kutwa nzima akiachia wengine, akitoka anaona sasa zamu yake imefika ya kuwa mukubwa.

Lakini tuulize sababu ya ile sheria ya karieri. Kamio ya karieri kama Caterpillar 777 inabeba karibu tani 90, na pamoja na uzito wake mwenyewe inapita tani 160. Shofere wake anakaa juu kama mutu aliyepanda juu ya paa la nyumba. Mbele ya mashine, chini, na upande ule asipokaa, kuko mahali pakubwa ambapo macho yake hayafiki. Jipi nzima inaweza kujificha pale. Ndiyo maana tunaweka bendera juu ya muti murefu, ili kitambaa kifike pa macho yake. Na akikanyaga freni akiteremka na muzigo, mu vumbi lililomwagiwa maji, ule mulima wa chuma hausimami pale anapotaka. Anapewa njia kwa sababu haoni na hawezi kusimama upesi. Ile ni sheria ya kujilinda na mashine yenye upofu. Haiko saluti.

Treni ni vilevile. Hatuiachii kwa sababu iko na cheo. Treni ya mizigo inahitaji mamia ya mita kusimama, na dereva wake hana usukani wa kuikwepesha. Yule anayekimbiza jipi kuvuka reli mbele ya treni, kule Likasi ao Lubumbashi, anashindana na mutu ambaye hata akitaka kumuokoa hawezi.

Basi shofere anatoka karieri na nusu ya somo. Amechukua «mukubwa anapita», ameacha sababu yake ndani ya bariere. Na inje mambo yamegeuka. Ndani ya karieri kila mutu amefundishwa, amevaa kofia na gile inayongaa, yuko na radio, anajua mashine inatokea wapi. Watu wa inje hawaingii pale. Mu njia ya kambi, mutoto wa masomo wa miaka 7 hana radio. Hana taa ya kuzunguka. Hajui kamio yako iko na tani ngapi na freni zako ziko namna gani. Pale wewe ndiye unayejua, na yeye ndiye asiyejua. Kwa hiyo kazi yote ya kuangalia inakuja juu ya mabega yako, wewe uliyefundishwa na kulipwa.

Tuhesabu kidogo, maana hesabu haina hasira. Motokari inayoenda kilometre 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Mutu mwenye afya, asiyekunywa, asiyeshika telefone, anahitaji karibu sekunde 1 tangu anapoona hatari mupaka muguu kugusa freni. Mita 17 zimekwisha na motokari haijaanza kupunguza. Kisha freni nzuri, mipira mizuri, kaburimbo kavu: karibu mita 20 ingine. Jumla mita 37. Pima mita 37 kwa miguu yako mbele ya nyumba yako, uone kinachobaki kati yako na mutoto aliyefuata mupira. Kwa kilometre 30 kwa saa jumla ni karibu mita 13. Ukipandisha mwendo mara mbili, urefu wa kusimama kwa freni unapanda mara ine. Na hiyo ni kaburimbo kavu. Ongeza matope, ongeza changarawe, ongeza ile mvua ya kwanza ya mwisho wa kiangazi inayochanganya vumbi na mafuta mupaka njia inateleza kama sabuni, ongeza muzigo wa kamio na mipira iliyokwisha meno: hesabu inazidi mara mbili na kupita.

Kwa hiyo yule anayefika pa makutano na kilometre 60 akisema «nitaangalia nikifika» hataangalia kitu. Akifika, mambo yamekwisha. Kuachia njia kunaanza mbali, mita 50 mbele ya pembe, muguu unapotoka pa gazi.

Sasa ile klaksoni. Kuko washofere wanaofikiri klaksoni ni freni. Wanafika pa pembe iliyofungwa na ukuta, wanapiga mara tatu, wanapita bila kugusa freni. Yule wa upande mwingine naye amepiga mara tatu. Kila mutu amesikia yake mwenyewe. Na taa? Kupiga taa kunasema maneno mawili yanayopingana. Mumoja anapiga taa kusema «pita, ninakungoja». Mwingine anapiga taa kusema «niachie, ninakuja». Wakikutana wawili wa namna hiyo, hospitali inapata kazi. Usipite juu ya taa ya mutu. Pita wakati unaona mipira yake imesimama.

Mu njia kubwa kuko tena jambo la jirani zetu. Pa Kasumbalesa, karibu kilometre 90 kutoka Lubumbashi, motokari zinabadilisha upande. Kule Zambia wanaendesha kushoto, vilevile Tanzania na Afrika ya Kusini, ambako kamio nyingi zinazobeba mizigo yetu zinatoka. Shofere anaamuka asubuhi kule, mchana yuko huku. Mikono inafuata sheria mpya, lakini macho yako na mazoezi ya miaka mingi: yanatafuta hatari upande wa kwao. Na usukani wake uko kuume, maana yake anakaa pembeni ya njia, na akitaka kumupita mwenzake haoni mbele mupaka kamio nzima imetoka. Simulaumu, ni mutu wa kazi kama sisi, mbali na bibi na watoto wake. Wewe uliyezaliwa huku unajua jambo hili. Basi ukiona namba ya inchi ingine pa makutano, ngoja kidogo, hata kama haki ni yako. Nasi tunaonunua motokari za usukani wa kuume kwa sababu ni za bei ndogo, tujue tumenunua na ile shida yake.

Kamio za njia ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hazibebi mihogo tu. Zinabeba asidi ya kuyeyushia madini, salfa, chokaa, mafuta, shaba. Mu Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe mu njia ya Kolwezi, kamio ya asidi iligongana na basi, na watu karibu 20 walikufa. Siandiki hapa nani alikosa. Hiyo ni kazi ya wale waliopima njia. Ninaandika ili ukumbuke ni kitu gani kiko nyuma ya mugongo wako, ao mbele yako, unapoamua kujiingiza mu nafasi ndogo ili usingoje sekunde 10. Pa kugongana kwa kawaida watu wanakimbia kuokoa. Pa asidi, wanaokimbia kuokoa nao wanaungua.

Na manseba? Wengi wanaosoma ukurasa huu wanawatukana kila asubuhi. Ni kweli, manseba wengi hawajui kuume wala kushoto, wanapita mahali mbuzi hapiti, na abiria wawili ao watatu nyuma bila kofia. Neno lenyewe linanichekesha: manseba ni mujomba, ndugu ya mama, mutu wa kuheshimu mu jamaa, na sasa tunaita hivyo kijana anayetukata mbele bila kuangalia. Lakini usimupige somo na chuma. Shofere anayesema «nitamufundisha huyu» na kukataa kupunguza mwendo kwa sababu haki ni yake, anasahau kwamba nyuma ya manseba kuko mama anayeenda kujifungua, ao mwenzako wa posti ya usiku anayerudi kulala. Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika mu 2023 kwamba watu karibu milioni 1,19 wanakufa kila mwaka mu njia za dunia, na zaidi ya nusu yao ni watembea miguu, wenye kinga na wenye pikipiki. Kwa watoto na vijana tangu miaka 5 mupaka 29, njia inaua kupita ugonjwa wowote. Wale hawako ndani ya chuma. Wewe uko ndani ya chuma. Wewe ukikosa unalipa taa na rangi. Wao wakikosa wanalipa na mifupa.

Ninajua jibu la washofere, maana ni lilelile kila mahali: «Nikiachia kila mutu, sitafika. Hapa ukisimama, kumi wanapita, hakuna anayekuachia. Na kapita ananiandika mu kitabu nikichelewa dakika tano.»

Tulitazame hilo jibu kwa heshima, maana haliko bure. Kwanza, saa. Tuseme kati ya nyumba na kazi uko na makutano 20, na pa kila moja unapoteza sekunde 10 kwa kungoja. Ni sekunde 200, dakika 3 na kidogo. Ukitoka nyumbani dakika 5 mbele, deni limelipwa na uko na akiba. Yule aliyekupita kwa nguvu, utamukuta pa taa inayofuata, kidevu juu ya usukani. Pili, ni kweli mu muji kama Lubumbashi saa ya kutoka kazi mutu mupole anaweza kungoja sana. Lakini angalia kile kinachofunga makutano. Siyo wale waliongoja. Ni wale wane walioingia pamoja katikati, kila mutu na priorite yake, sasa hakuna anayeweza kwenda mbele wala kurudi. Umeme ukikatika na taa zikizimika, wengine wanaona sheria nayo imezimika. Haijazimika: zinabaki alama, na kama hakuna alama, inabaki ile ya kuume.

Lakini neno la kitabu cha kapita linahusu wakubwa, na hapa siwezi kuwaachilia. Shofere wa basi ya watumikaji akipangiwa dakika 40 kwa njia ambayo mu mvua inataka saa nzima, nani amevunja sheria ya njia? Yeye anaivunja na muguu, lakini mukubwa aliivunja kwanza na kalamu. Na mahali shofere analipwa kwa hesabu ya safari, safari tatu ni chakula na safari ine ni chakula na masomo ya watoto, hotuba yetu ya usalama kila siku ya kwanza inakuwa wimbo tu. Mukubwa anayetaka shofere aachie njia amupatie saa ya kuachia. Vilevile yule mukubwa anayekaa nyuma ya jipi na kusema «pita, pita, wanatujua»: wanatujua kweli. Watoto wa kambi wanajua namba ya kila jipi na wanajua ni ya nani.

Kuko tena kitu ambacho watumikaji wengi hawakifikiri. Sheria inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kama ajali ya kazi. Kwa hiyo kompanyi inaweza kumaliza mwezi mzima bila mutu kuumia chini ya mashine, inaandika siku zake za usalama ku ubao mukubwa pa mulango, na huku watumikaji wake wanavunjika miguu mita 500 kutoka ubao ule. Ule ubao unasema nusu ya kweli. Ningependa kuona ubao wa pili upande wa inje wa bariere, unaohesabu njia.

Neno moja kwa yule mwenye haki. Unafika, uko kuume, sheria iko na wewe, na unaona mwingine hapunguzi. Usiseme «lazima asimame». Hakuna lazima mu njia. Kuko ile unaona na ile hauoni. Ondoa muguu pa gazi, mutazame usoni, angalia mipira yake ya mbele. Akipita, mwache apite na dhambi yake. Daktari anayeshona mutu usiku haulizi alikuwa upande wa kuume ao wa kushoto, na mujane anayepokea karatasi ya CNSS hapati franka zaidi kwa sababu bwana wake alikuwa na priorite.

Na wewe unayeketi pembeni ya shofere, mu kamio, mu basi, mu taxi: uko na kinywa. Ku kazi tunasema kila mutumikaji anaweza kusimamisha kazi ya hatari, hata kama yule anayeifanya ni mukubwa wake. Sioni sababu haki hiyo ibaki ku kazi. Mwambie kwa upole, «baba, tumuachie yule». Mama akisema vile ndani ya basi, na abiria wengine wakaitikia, nimeona shofere wakali wakipunguza. Hawapendi, lakini wanapunguza.

Mvua imeanza, na kuko jambo ambalo halingoji. Mu muji na mu kambi zetu watu wanapanda mahindi mupaka pembe ya njia, kwa sababu udongo wa pale ni wa bure. Sisemi watu wasilime, njaa haina sheria ya njia. Lakini mahindi yaliyopandwa mu Novemba, mu Januari yanapita kichwa cha shofere wa jipi, na pembe ambapo mulionana mita 60 sasa mutaonana mita 5. Priorite ya kuume haina kazi kama kuume huoni. Wenye kulima waache hatua kama kumi pa kila pembe, wapande pale karanga ao maharage, yanayobaki chini. Na wewe mutumikaji, wiki hii, ukienda kazini angalia pembe za njia yako: wapi mahindi yanapanda, wapi alama imeanguka ao imefunikwa na majani, wapi watoto wa masomo wanavuka bila mistari. Andika jina la njia ku karatasi, hata kwa kalamu ya risasi, upeleke ku ofisi ya usalama mbele mahindi hayajafika pa magoti.